Ndugu wafadhili, fikeni mpaka mtoni

Kwetu Mtwara, ukisema "ng'ambo" watu hawafikirii Ulaya. Ng'ambo ni upande wa pili wa Ruvuma, Msumbiji, alikoolewa shangazi yangu, na ambako bibi alikuwa akivuka kwa mtumbwi kwenda mazishini. Ng'ambo hii nyingine, ya baridi, nimeijua ukubwani. Naishi Birmingham mwaka wa kumi na moja sasa, na kila Jumamosi najitolea kutafsiri katika kituo kidogo kinachosaidia wahamiaji. Nawaandikia ninyi mnaofadhili kazi kama hiyo, fedha yenu ifike pia hadi vijiji vya mpakani kwetu.

Kituo chenyewe ni vyumba viwili tu, lakini mwanasheria niliyemkuta siku ya kwanza ndiye yupo hadi leo. Mfadhili wao hulipa pango, umeme na mishahara kwa miaka mitano mitano. Faida yake nimeiona kwa macho. Aprili 2022 serikali ya Uingereza ilitangaza kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kuwa mpango ule ni kinyume cha sheria, na ukaja kufutwa Julai 2024. Muda wote huo watu walikuwa wanakuja kituoni na barua mkononi, wanatetemeka, na walimkuta mtu anayelijua faili lao.

Sasa nitazame nyumbani. Vita vya Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji ng'ambo ya mto, vilianza Oktoba 2017. Oktoba 2020 vikavuka mto hadi Kitaya, kijiji cha upande wetu wa Tanzania, watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Machi 2021 mji wa Palma huko Cabo Delgado ukashambuliwa, na mwaka huo shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, likasema maelfu ya Wamsumbiji waliokimbilia kwetu walirudishwa kupitia mpaka wa Negomano. Kama kuna mahali panapohitaji wananchi wa kufuatilia sera ya uhamiaji, ni hapa.

Binti wa shangazi yangu yumo katika kikundi cha wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, lakini kutambuliwa hakulipi nauli ya bodaboda kutoka Newala kushuka bondeni. Walipata fedha ya mwaka mmoja. Andiko lilitakiwa kwa Kiingereza, wakamlipa mtu wa Dar awaandikie. Sehemu kubwa ikaishia kwenye semina hotelini Mtwara mjini. Wenyeviti wa vijiji walipoanza kuwaamini na kuwafungulia daftari la wakazi, mwaka ukawa umekwisha. Swali la mwisho la mfadhili lilikuwa: mmebadilisha sera gani?

Swali hilo liliniuma, kwa sababu majibu yake hayaji kwa mwaka. Waulizeni Wamakonde wa Kenya. Wazee wao walitoka Msumbiji kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa enzi za ukoloni, na wajukuu wakazaliwa bila uraia wa nchi yoyote. Oktoba 2016 walitoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais, wakaahidiwa vitambulisho na wakavipata. Watu wanakumbuka safari ile tu, lakini nyuma yake kuna miaka mingi ya vikao, na walioamua kutembea ni wenyewe waliokosa kitambulisho.

Kwa hiyo naomba: toeni fedha ya miaka mitano, pokeeni maombi kwa Kiswahili, na walipeni watu wa kijijini kabla ya kulipa ukumbi. Jambo moja zaidi, ambalo sijaona likiulizwa: mpakani, kusema hadharani kunaweza kumletea mtu balaa. Waacheni wao waamue lipi litangazwe na lipi lizungumzwe kimya kimya na mkuu wa wilaya. Picha zenu na bango si lazima.

Binti wa shangazi sasa anauza korosho za kukaanga stendi ya Newala. Daftari la kaya walizozitembelea bado analo, amelifunga kwenye mfuko wa nailoni lisilowe. Mwezi uliopita mama mmoja alitembea kutoka bondeni hadi pale stendi kumuuliza kuhusu cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake, naye akaacha sinia la korosho kwa jirani akaenda naye ofisini.