Mnagombana na kamba, nyuma hakuna mtu

Grupu letu la wazazi wa deikea linawaka tangu juzi na chanzo ni picha moja tu. Picha ya watoto wetu wametoka matembezi asubuhi, wamepanga mstari wawili wawili, kila mmoja kashika kitanzi chake kwenye ile kamba ya rangi rangi, kofia kichwani, wengine wanacheka, mmoja analia (huyo analia hata akipewa keki, wazazi wake wenyewe wanajua). Mimi nikaona picha nzuri kabisa. Kumbe wenzangu wameona kitu kingine. Mama mmoja akaanza, "jamani watoto wetu wanaswagwa kama mbuzi wa Idi?" basi hapo ndo moto ukashika, voisi nouti juu ya voisi nouti, baba mmoja ambaye sijawahi kumuona getini hata siku moja akaandika kuwa huo ni udhalilishaji wa mtoto na kwamba atafika ustawi wa jamii. Mpaka jioni madam mwenye kituo akatuma ujumbe: matembezi yamesitishwa hadi hapo mtakapotangaziwa. Watu wakapiga makofi ya emoji. "Ahsante madam kwa kutusikiliza."

Nilichoka aisee.

Maana ile picha ina shida kweli, tena kubwa, na iko pale pale wazi, ila hakuna hata mmoja aliyeiona kwa sababu wote macho yao yalikuwa kwenye kamba. Angalieni tena. Mbele yupo anti mmoja kashika kichwa cha kamba. Anti wa pili yuko wapi? Anti wa pili ndiye anayepiga picha! Yaani wametoka wawili na watoto kumi na kitu, mmoja anaongoza, mwingine anatembea kinyumenyume na simu mkononi ili sisi huku maofisini tupate picha ya kuweka status. Na nyuma ya mtoto wa mwisho, kwa mbali kidogo, kuna bodaboda inakuja. Nyuma hakuna mtu. Hamna. Mtoto wa mwisho pale analindwa na Mungu peke yake.

Kabla sijaolewa na kabla ya hii kazi yangu ya sasa nimefanya deikea, najua ninachosema, na nafasi yangu kwenye matembezi ilikuwa ni hiyo hiyo ya nyuma. Kila anayeanza kazi anataka kukaa mbele, kwa sababu mbele unaonekana kiongozi, watu wanakusalimia "shikamoo mwalimu," bodaboda wanakupisha (wakijisikia). Nyuma ni vumbi na kuokota ndala. Ila ukweli ni kwamba msafara unaongozwa kutoka nyuma, mtu wa mbele kazi yake ni barabara tu, aangalie gari, aangalie shimo, aangalie mbwa, na siku akianza kugeuka geuka kuhesabu watoto ndo siku barabara inabaki haina wa kuiangalia. Mtu wa nyuma ndiye anayeona nani kaachia kitanzi. Anaona ndala ya fulani imechomoka mguuni na mwenyewe hajui au anajua na anataka kurudi kuifuata, na nyie mnajua mtoto wa miaka miwili na nusu akitaka kurudi kufuata kitu chake haangalii kulia wala kushoto, anageuka hapo hapo na kukimbia. Anaona yule aliyeanza kusinzia huku anatembea, yule aliyebana miguu, yule aliyemuona kuku. Kuku jamani! Mtaani kwetu hatari namba mbili baada ya bodaboda ni kuku mwenye vifaranga, mstari wote unaweza kukatika pale.

Halafu kuna kuvuka, na hapa ndo naomba mnisome vizuri hata kama mtaruka mengine. Watoto kumi na mbili wawili wawili kwenye kamba ni msafara wa mita kama tano hivi na hawaendi kasi, wanaenda mwendo wa yule mwenye miguu mifupi kuliko wote. Sasa anti wa mbele ananyoosha mkono, dereva anasimama (tuseme siku hiyo kaamka vizuri), anti anavuka, anafika ng'ambo. Dereva yeye akishamuona mtu mzima kafika ng'ambo kwenye akili yake wale wameshavuka. Anaachia breki. Na watoto nusu bado wako katikati ya lami na hawaonekani, mtoto wa miaka miwili ana sentimita themanini na kitu, boneti ya Prado inampita kabisa, dereva hapo anaona hewa. Ndo maana nyuma lazima awepo mtu mzima mwenye riflekta anayebaki katikati ya barabara mpaka kitanzi cha mwisho kivuke. Yeye ndiye anayemwambia dereva kwamba bado. Bila yeye, hiyo kamba mnayoipigia kelele, hata ingekuwa ya dhahabu, haisaidii kitu.

Kuhusu kamba yenyewe nitasema kwa kifupi maana imeshapewa heshima isiyo yake. Mtoto anashika kitanzi kwa mkono, akitaka anaachia, hajafungwa. Kama kituo kinamfunga mtoto kamba kwenye kiganja, hapo sawa, hapo hata mimi nitaenda na huyo baba huko ustawi wa jamii, kwa sababu mmoja akianguka anawavuta na wenzake na hakuna anayeweza kujitoa. Na kamba isiyo na vitanzi pia ni bure, watoto wote wanateleza wanajazana sehemu moja kukanyagana visigino. Haya, nimekubali hayo mawili, msiniombe la tatu.

Kuna kitu nilikiona nikiwa kazini sijakisahau. Tulitoka na watoto, tukazunguka mpaka kwenye kiwanja cha kanisa, tukarudi. Getini dada wa mbele anahesabu, idadi imetimia, anasema fungeni geti. Mimi nyuma naangalia naona kuna sura siielewi. Kumbe kuna mtoto wa mtaani pale, wa yule mama anayeuza vitumbua, aliona mstari unapita na kamba nzuri ya rangi, akakamata kitanzi akaunga safari, anatembea vizuri kuliko hata wa kwetu! Sasa jiulize, kama yeye yumo na idadi imetimia, nani hayumo? Wa kwetu mmoja tulimkuta hatua chache tu nyuma, kakaa kwenye kizingiti cha duka, anaangalia fundi anaziba pancha, katulia kabisa. Tangu siku ile mimi siamini idadi. Unaita majina. Unaita wakati wa kutoka, unaita mkishavuka, unaita mkifika, unaita tena getini, na jina linaitwa huku unaangalia uso siyo kusikiliza "yupo" kwa sababu watoto wa umri ule ukiita jina lolote wataitika wote. Na yule mgeni wetu tulimrudisha kwa mama yake, alilia njia nzima.

Sasa turudi kwenye hesabu ambayo hakuna mzazi anaipenda. Wakubwa wangapi kwa watoto wangapi? Uingereza wenzetu sheria inasema kwa watoto wa miaka miwili mtu mzima mmoja asizidishe watoto watano, na hiyo ni baada ya kulegeza mwaka 2023, kabla ya hapo walikuwa wanne, na pamoja na hivyo watu walilalamika kwamba ni wengi mno. Hiyo ni ndani ya kituo kwenye kapeti, siyo barabarani kwenye bajaji na mtaro usio na mfuniko. Huku kwetu Tanzania Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo, vituo vinatakiwa kusajiliwa, afisa ustawi wa jamii anatakiwa kupita, sawa, ila nenda kituoni siku moja ya kawaida uulize wahudumu wako wangapi utaambiwa watano. Wahesabu sasa. Mmoja ni mpishi, mmoja ni mlinzi, mmoja kaenda sokoni. Waliobaki ndo hao wawili wa kwenye picha.

Na njia pia. Kwa hili madam wetu alikosea na nitamwambia mwenyewe uso kwa uso, kuna haja gani ya kupita kando ya lami wakati kuna njia ya ndani inatokea kule kule? Ya ndani ina mashimo, ndiyo, ina maji mvua ikinyesha, ndiyo, ila gari zinatambaa. Kule kwenye lami fremu zimepanga bidhaa mpaka kwenye sehemu ya waenda kwa miguu, ndoo, magodoro, masufuria, mabanda ya chipsi, mstari wa watoto unajikuta unashuka barabarani kila baada ya hatua kadhaa. Kama lazima upite hapo basi pita upande wa kulia, gari zije usoni kwako uzione, siyo zikukute kwa nyuma. Bodaboda zenyewe zinakuja pande zote, hilo sina dawa yake.

Nasikia mtu anasema serikali iweke matuta. Sawa. Kuna shirika linaitwa Amend limefanya hiyo kazi hapa Dar miaka mingi, wanaenda kwenye shule za msingi ambazo watoto wanagongwa sana, wanajenga njia za miguu, matuta, vivuko, wakapewa hadi tuzo ya kimataifa 2019. Kazi nzuri mno. Ila hiyo ni shule ya msingi, ina kibao, ina bendera, watoto mia kadhaa wanatoka kwa pamoja. Deikea ni nyumba ya kupanga yenye geti la bluu katikati ya mtaa, dereva anayepita hajui hata kama ndani kuna watoto. Hakuna atakayekuja kuijengea tuta kesho. Mpaka huo mwaka ufike, tuta letu ni anti wa nyuma.

Mtasema basi si ndo maana bora wasitoke? Hapana. Hapo ndo mnaponikera zaidi. Japani, Mei 2019, mji wa Otsu, magari mawili yaligongana kwenye makutano na moja likaparamia watoto wa chekechea waliokuwa matembezini, wamesimama kando wanasubiri na walimu wao. Wawili walifariki, wote wa miaka miwili. Walimu walikuwa wamefanya kila kitu sawasawa, wamewaweka mbali na ukingo wa barabara. Nchi nzima ililia. Lakini hawakusema watoto wafungiwe ndani, miezi michache baadaye serikali ikaleta utaratibu wa maeneo maalum kuzunguka vituo vya watoto ili madereva wajue, halafu matembezi yakaendelea, maana kule mijini vituo vingi havina uwanja, na wale ambao hawajaweza kutembea vizuri wanasimamishwa kwenye vile vigari vya kusukuma kama kreti kubwa, unavuta picha unacheka. Sisi hatujapata hata mkwaruzo, tumeona picha, tumefuta matembezi.

Na tunajua kabisa watoto wetu wanaishije. Wengi tunakaa nyumba za kupanga, uani kuna tenki la maji na kamba za nguo, jioni tunawachukua wamelala, wikiendi katuni. Ile nusu saa ya kutoka ndo peke yake wanapogusa mchanga, wanamsalimia babu wa kahawa, wanajifunza kwamba pikipiki ikija unasimama. Mwanangu siku hizi nikimshika mkono kwenye kona anasimama mwenyewe anasema "subili." Hilo sikumfundisha mimi, nimelikuta. Atalisahau kama atakaa ndani mpaka darasa la kwanza, halafu siku ya kwanza ya shule tunamwachia barabara peke yake na begi mgongoni.

Jumamosi kuna kikao na nimeshamuandikia madam pembeni. Matembezi yarudi. Watoto wachache kwa zamu, siyo wote kwa mkupuo. Wakubwa watatu, mmoja mbele, mmoja katikati amshike mkono yule mkimbiaji (ambaye sote tunamjua, na mama yake yumo humu anasoma, shikamoo dada), mmoja nyuma mwenye riflekta na filimbi. Simu zibaki kituoni isipokuwa moja ya dharura. Picha hatuzitaki.

Madam amejibu vizuri tu. Amesema hilo linawezekana ila itabidi aajiri mhudumu mwingine, kwa hiyo ada itapanda kidogo, na ameniomba nilitoe mimi mwenyewe kwenye grupu. Nimelitoa leo saa tatu asubuhi. Tiki za bluu zimejaa, mpaka sasa hivi naandika hapa hakuna aliyejibu, hata yule baba wa udhalilishaji.