Nani amlipe mwandishi wa mbio za farasi wa kigari?

Tarehe 9 Machi 2020 waendesha mashtaka wa serikali kuu mjini New York waliwafungulia mashtaka watu 27, wakiwemo wakufunzi wa farasi na madaktari wa mifugo, kwa kuwapa farasi wa mashindano dawa zilizotengenezwa zisinaswe na maabara. Baadhi yao walikuwa wa mbio za kigari: zile ambazo dereva huketi kwenye kigari chepesi cha magurudumu mawili, na farasi hukatazwa kwenda shoti. Ushahidi ulitoka kwenye simu zilizonaswa na FBI. Haukutoka kwenye gazeti lolote la mbio, ingawa mabandani minong'ono ilikuwapo kitambo na kiwanja cha Meadowlands kilikuwa tayari kinawakataa baadhi ya wakufunzi kwa uamuzi wake chenyewe.

Jibu la haraka ni kwamba waandishi waliogopa. Ni kweli kiasi, ila haliendi mbali. Ukifuata pesa unaona kwamba hata jasiri hakuwa na wa kumlipa.

Amerika Kaskazini mapato ya chapisho la mbio za kigari huja kwa misimu miwili. Kuanzia Februari hadi katikati ya mwaka, mashamba hutangaza madume ya mbegu. Vuli hutangazwa minada ya farasi wachanga wa mwaka mmoja: Lexington mwezi Oktoba, Harrisburg mwezi Novemba. Watangazaji ni wachache, wanajuana, na mara nyingi ndio wenye farasi walio kwenye habari. Tangazo likiondolewa, haliji na barua ya kulalamika. Nafasi inabaki wazi tu, na mhariri anajua kwa nini.

Upande wa pili yapo machapisho ya vyama vyenyewe: Hoof Beats la United States Trotting Association (USTA), chama kilichoanzishwa 1939, na Trot la Standardbred Canada (Standardbred ni jamii ya farasi wa mbio za kigari). Wapo wanaoyaona vipeperushi. Wanakosea. Chama ndicho kinachotunza kumbukumbu za kila farasi na kila mbio, kwa hiyo ukitaka makala ya kina kuhusu viatu, uzazi au majeraha ya kano, huko ndiko utakakoikuta, na haifi eti kwa sababu msimu wa matangazo umekuwa mbaya. Udhaifu wake uko kwenye habari za nidhamu. Adhabu hutangazwa kwa jina, idadi ya siku na faini, basi. Dawa ilitoka kwa nani, nani mwingine aliinunua, na kwa nini tume ya jimbo inayosimamia mbio ilichukua miezi yote hiyo, hayo chapisho la chama haliulizi, kwa kuwa wanaopaswa kuulizwa ndio wapiga kura wa chama.

Anabaki msomaji, hasa anayebeti. Huyu ndiye pekee ambaye faida yake na ukweli huenda njia moja: akidanganywa kuhusu farasi, pesa yake inapotea jioni ile ile. Lakini katika bara lile nguvu yake imepungua. Tangu miaka ya 1990 zawadi za washindi katika majimbo mengi zimelipwa kwa fedha za mashine za kamari zilizowekwa kiwanjani. Ontario ilianza mwaka 1998, ikiwapa viwanja asilimia 10 ya mapato ya mashine na zawadi za mbio asilimia 10 nyingine. Kiwanja kikishajua kwamba zawadi zitalipwa hata jukwaa likiwa tupu, hakina haja kubwa ya mwandishi wa kuwavuta watu. Machi 2012 serikali ya jimbo ilitangaza kuufuta mpango huo, na ukakoma Machi 2013. Waandishi wa mbio waliutetea kama mgawanyo wa mapato, kwa maana waliujua mkataba. Waandishi wa nje waliukubali kuwa ruzuku, kama serikali ilivyouita. Wa ndani walikuwa sahihi zaidi kuhusu karatasi. Ila wa nje waliuliza swali ambalo wa ndani walipaswa kuliuliza miaka kumi kabla: fedha hizi zimemwongeza mtazamaji hata mmoja?

Sweden inaonyesha njia nyingine. Kampuni ya kubeti ya ATG, iliyoanzishwa 1974, inamilikiwa na vyama vya mbio vyenyewe, na mwaka 1993 ilileta V75, mchezo wa kutabiri washindi wa mbio saba, ambao mwaka 2025 nafasi yake ilichukuliwa na V85 wa mbio nane. Anayetaka kupatia zote hawezi kutegemea bahati. Anataka kujua kama farasi atakimbia bila viatu leo, kama kigari kimebadilishwa, kama alivuta pumzi vizuri kwenye mazoezi. Mwandishi humpigia simu mkufunzi kuuliza hayo, na msomaji hulipa kuyasoma. Hapo kuna soko halisi la habari. Kasoro ni kwamba linanunua utabiri, na mkufunzi anayetajwa kwa ubaya Jumatatu hapokei simu Ijumaa. Ufaransa nako, Paris-Turf, gazeti la tangu 1946, lilitikisika mwaka 2020. Korona ilisimamisha mbio, kampuni yake ikafika mahakamani kwa kushindwa kujiendesha, na gazeti likapata mmiliki mpya. Aliyejenga nyumba juu ya beti hana paa siku ambayo hakuna mbio.

Kabla ya kusema habari huru ni ghali, tazama kazi yenyewe. Mkufunzi hupimwa kwa kipimo cha pointi 9 kwa ushindi, 5 kwa nafasi ya pili na 3 kwa ya tatu, jumla ikigawanywa kwa mbio zote mara 9. Mbio 50, ushindi 15, ya pili 10, ya tatu 5: pointi 200 kwa 450, yaani 0.444. Kipimo kikiruka ghafla, hatua inayofuata ni kuwachukua farasi aliowapokea kutoka mabanda mengine na kulinganisha muda wao wa kabla na baada, kiwanja kile kile na hali ile ile ya njia. Sekunde moja ni kama urefu wa farasi watano. Wote wakiongeza kasi kiasi hicho ndani ya wiki mbili, una swali la kuuliza. Hilo ni swali tu. Halijawa habari bado.

Kisha vipimo. Bikaboneti ya sodiamu ikipitishwa kwa mrija wa puani hupunguza asidi misulini ili farasi achelewe kuchoka, na hujitokeza kwenye damu kama kiwango cha kaboni dioksidi. Maeneo mengi kikomo ni milimoli 37 kwa lita, au 39 kwa farasi aliyepewa furosemidi, dawa ya kuongeza mkojo. Kosa la kawaida ni kuandika jina wakati sampuli ya pili, ya kuthibitisha, haijapimwa. La pili ni kuridhika adhabu ikitoka: mkufunzi aliyefungiwa huwaacha farasi chini ya jina la msaidizi. Angalia kama vyumba vya banda ni vile vile, madereva ni wale wale, na nani analipa bili ya chakula. Hayo yanataka data ya kununua, wiki kadhaa za kazi na mwanasheria wa kupitia makala. Na kwa kuwa sheria ya shirikisho ya Marekani ya Desemba 2020 ya usalama wa mbio inawabana farasi wa Thoroughbred, jamii ya mbio za kupandwa, huku jamii nyingine zikiachiwa hiari, mwandishi wa Standardbred bado anaibembeleza tume ya kila jimbo peke yake.

Kwa mizani hiyo, kukataa fedha za sekta ni anasa ambayo mchezo mdogo hauwezi. La kujadiliwa ni namna ya kuzipokea. Ningechukua sehemu ndogo ya kudumu ya fedha za beti, kwa mkataba wa miaka mitatu, kuliko tangazo linaloweza kung'olewa kesho. Pingamizi lake ni zito: beti zikishuka, chumba cha habari kinashuka nazo. Freehold, New Jersey, kiwanja kikongwe cha nusu maili, kilifungwa 28 Desemba 2024, na kiwanja kilichofungwa hakikati asilimia kwa ajili ya mtu.

Kwa hiyo matangazo hayaepukiki, na kwayo ningeongeza sharti moja: mwisho wa kila mwaka chapisho litoe orodha ya walioondoa matangazo na tarehe walizoondoa, pembeni ya tarehe za makala. Wengine watasema hilo litawafukuza hata waliobaki. Kwa msimu mmoja, pengine litawafukuza kweli.