Walipoondoka machinga, yakapanda magari

Lalamika kuhusu gari lililopandishwa juu ya njia ya waenda kwa miguu katikati ya Dodoma, utajibiwa moja kati ya mawili. La kwanza utaambiwa usoni: "Sasa tupaki wapi?" La pili litasemwa ukishageuka: ana wivu huyo, hana gari. Jibu la kwanza lina haki ya kusikilizwa. Hilo la pili ndilo limenifanya niandike, kwa sababu limewafunga midomo watu wenye hoja nzito.

Dereva ana yake ya kusema. Sensa ya 2012 iliikuta Dodoma Mjini na watu 410,956; ya 2022 ikakuta 765,179. Wizara zimejengewa Mji wa Serikali kule Mtumba, lakini benki, maduka ya jumla na Soko la Majengo vimebaki kwenye mitaa ileile. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la Bajeti likiwa mjini, mtu anaweza kuzunguka mitaa ya Uhindini, katikati ya mji, mpaka mafuta yakamuuma. Kuna wenye majengo walioacha nafasi ya magari mbele, kisha wakaijengea fremu na kupangisha. Kuna wenye maduka wanaoweka jiwe au kreti la soda barabarani kulinda nafasi isiyo yao, wakati dereva ada ya maegesho analipa kama kawaida. Yote haya ni kweli, na kumwita dereva mshamba hakutaongeza nafasi hata moja.

Ninachokataa ni kwamba uhaba huo alipie mtu anayetembea.

Tukumbuke mwaka 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipoagiza machinga wapangwe upya katika maeneo rasmi. Dodoma ikawajengea soko la wazi kule Barabara ya Bahi. Sababu kubwa waliyopewa ilikuwa kwamba njia za waenda kwa miguu ni za waenda kwa miguu. Wakakunja meza, wakahama, wengine wakaacha wateja wa miaka. Sababu ile ilikuwa sahihi. Lakini kama muuza soksi hakuruhusiwa kubaki na meza yake ya mita moja, gari lenye uzito wa zaidi ya tani mbili limepewa ruhusa na nani? Muuza soksi angalau ukimwomba alikuvutia meza ukapita. Gari limefungwa, mwenyewe yuko ghorofani.

Nimeshuhudia haya karibu na Majengo, saa za jioni. Mzee wa makamo kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, alikuta gari limepanda njia kwa matairi mawili, pua imegusa ukuta wa duka. Ukingo wa njia pale ni mrefu, kushuka peke yake hawezi. Vijana wawili wa bajaji wakambeba na baiskeli yake hadi kwenye lami, naye akajisukuma kwenda mbele huku daladala zikimpigia honi nyuma. Dada mmoja muuza matunda alimfuata mwenye gari: "Kaka, samahani, tusogezee kidogo, kuna mgonjwa." Akajibiwa kwa upole kabisa, "Dakika mbili tu dada, nachukua mzigo." Yule bwana hakuwa mtu mbaya. Kwake zilikuwa dakika mbili kweli. Kwa mzee hizo zilikuja juu ya dakika mbili za gari la kabla yake, na gari jingine lilikuwa linamngoja mbele.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo tangu 2010 na inataka maeneo ya umma yafikike. Kuzuia njia nako ni kosa. Kwa hiyo tatizo si kukosa sheria; tatizo ni bei ya kuivunja, na hapa naomba tutulie kidogo.

Faini tuliyoizoea kwa kosa moja la barabarani ni shilingi 30,000. Katika bajeti ya 2021/22, Serikali iliishusha hadi 10,000 kwa bodaboda na bajaji, kwa kutambua kwamba elfu thelathini ni pesa nyingi kwa kijana anayehesabu hesabu ya bosi kila jioni. Niliunga mkono na bado naunga mkono. Ila ukishakubali kwamba faini ipimwe kwa mfuko wa mkosaji, huwezi kuishia chini. Elfu thelathini kwa mwenye gari la milioni mia moja na zaidi haimzuii kitu; anaihesabu kama ada nyingine ya maegesho, tena ya mahali pazuri, mlangoni kabisa. Ushuru wa bidhaa kwa magari yanayoingizwa nchini unatazama ukubwa wa injini. Kwa nini faini isitazame?

Na yako magari ambayo hata hiyo elfu thelathini sijaona ikiyagusa. Gari lenye namba za ST, yaani la Serikali, likiwa juu ya njia, injini inaunguruma, kiyoyozi kinapuliza, ni picha ya kawaida mjini kwetu. Simlaumu sana dereva wake, ameajiriwa na ameambiwa asiwe mbali na mlango. Anayemwambia hivyo ndiye anayepaswa kuulizwa.

Wanaosema tungoje maegesho ya ghorofa yajengwe wanatutaka tuvumilie miaka. Kuna kazi isiyohitaji miaka: nguzo fupi za zege kwenye ukingo wa njia, zikianzia kuzunguka Majengo, kwenye benki na hospitali, kwa nafasi inayopitisha kiti mwendo na isiyopitisha gari. Fremu zilizokalia maegesho zikaguliwe kwa ramani zilizoombewa kibali cha ujenzi, na zinazokiuka zibomolewe hata kama mpangaji analipa kodi vizuri. Hilo la pili litawafaa madereva wenyewe kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa nafasi zao zimekaliwa na fremu kama vile za waenda kwa miguu zilivyokaliwa na magari yao.