Mwovu Hapimwi kwa Idadi ya Maiti

Watu wakibishana ni nani kati ya waovu wa hadithini ambaye hana tena njia ya kurudi, hoja ya kwanza huwa hesabu. Huyu kaua wangapi? Yule kachoma mji mzima, kwa hiyo huyu aliyeua mmoja hafui dafu kwake. Mimi hesabu hiyo naikataa. Naikataa kwa sababu inatufanya tusome hadithi kama karani anayejaza daftari, na mwishowe tunampa mhusika hukumu ambayo mwandishi hakumwandikia.

Mchukueni Macbeth wa Shakespeare, ambaye tunaweza kumsoma kwa Kiswahili tangu 1968 kwa tafsiri ya S. S. Mushi. Anamuua Mfalme Duncan, mgeni wake, aliyelala nyumbani mwake. Anawaua walinzi wa mfalme wasije wakajitetea. Anatuma watu wakamuue Banquo, rafiki aliyepigana naye bega kwa bega. Halafu anatuma wengine nyumbani kwa Macduff, wakati Macduff mwenyewe hayupo, wakamalize mke na watoto. Mgeni, rafiki, mama na watoto: hakuna heshima ambayo hakuivunja.

Sasa mwekeni kando ya Iago, yule wa tamthilia ya Othello, afisa anayemdanganya jemadari wake Othello mpaka anamuua mkewe Desdemona asiye na hatia. Kwa mkono wake Iago anaua watu wawili: Roderigo, aliyemtumia kama mfuko wa fedha, na Emilia, mke wake mwenyewe. Kwa hesabu, Macbeth amemwacha mbali sana. Lakini kila nikizisoma tamthilia hizi mbili, ninayemwona hana kurudi ni Iago, na Macbeth namwona ni mtu aliyepotea huku akiijua njia ya nyumbani. Kabla ya kuua anasita. Anajitajia mwenyewe sababu za kutokuua: huyu ni mfalme wangu, ni ndugu yangu, ni mgeni wangu, na ni mtawala mwema. Baada ya kuua hapati usingizi. Anafika mahali anajiona yumo ndani ya damu kiasi kwamba kurudi nyuma na kwenda mbele ni tabu ile ile, na anachagua kwenda mbele. Uchaguzi huo ni mbaya mno, na simtetei. Ila mtu anayesema hivyo bado anajua kwamba nyuma kuko.

Iago hana nyuma. Mara anasema anamchukia Othello kwa kuwa cheo amepewa Cassio, afisa mwenzake. Mara anasema amesikia kwamba Othello alilala na Emilia, na anakiri hajui kama ni kweli, ila ataichukua kana kwamba ni kweli. Baadaye anamshuku hata Cassio kwa jambo lilo hilo. Visingizio vinabadilika, chuki haibadiliki. Tena kisa chenyewe Shakespeare alikipata kwa Mwitaliano Cinthio, aliyekichapisha 1565, na kwa Cinthio yule afisa mwovu ana sababu inayoeleweka: alimtaka mke wa Mwafrika, mke hakumjali, mapenzi yakageuka chuki. Shakespeare akaidhoofisha sababu hiyo mpaka ikabaki neno la kupita tu. Naamini alifanya hivyo kwa kukusudia. Alitaka tumtazame mtu ambaye huwezi kumpoza kwa kumrudishia alichonyang'anywa, kwa sababu hakuna alichonyang'anywa ambacho kingemtosha.

Na kinachonimalizia shauri ni mwisho wake. Kila kitu kimefichuka, Desdemona amekufa, Emilia amekufa baada ya kusema kweli iliyomgharimu uhai, Othello anauliza swali moja tu: kwa nini? Hapo Iago angeweza kulia, kutukana, kujitetea, hata kujisifu. Anakataa kusema. Anatangaza kwamba hatatoa neno tena. Aliyewaharibu wote kwa maneno, siku anayoombwa neno moja la kweli analinyima. Kwangu hukumu iko hapo, wala haiko kwenye maiti kitandani.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: mhusika alijua alichokifanya? Alikuwa na uwezo wa kufanya vingine? Na hadithi ilipompa nafasi ya kumwona aliyemdhuru kuwa ni mtu, aliitumiaje? Swali la tatu ndilo zito. Mengi ya mabishano yetu yanaishia kwenye lile la kwanza.

Swali la pili linawatoa wengi kwenye orodha kabla hatujafika mbali. Zimwi la ngano za bibi zetu linakula watu, na mtoto anayesikiliza anatetemeka, lakini zimwi linakula kama chui anavyokula mbuzi. Huwezi kulilaumu kwa kukosa huruma ambayo halikuumbwa nayo. Na hata hivyo wahenga hawakuliacha tupu kabisa. Walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nimeupenda siku zote msemo huo, kwa kuwa unamwekea hata mla watu mpaka: kujuana kunapunguza meno. Ukiufikiria vizuri, unamfanya Iago kuwa chini ya zimwi. Yeye alimjua Othello, alikula naye, alipigana vita pamoja naye, na kule kujuana ndiko alikokigeuza silaha.

Swali hilo la pili ndilo linaloleta pia ugomvi wa utoto. Siku hizi kila mwovu lazima apewe utoto wa mateso, na ukishajua alipigwa na baba yake unaambiwa basi, sasa umwelewe. Kuelewa nakubali. Lakini maelezo ya mtu alivyofika hapo hayajibu swali la alichofanya alipofika. Voldemort, mwovu wa vitabu vya Harry Potter vya J. K. Rowling, ni mfano ninaoutumia sana na vijana, kwa sababu wengi wanamjua. Alitungwa mimba baba yake akiwa amelishwa dawa ya mapenzi, akazaliwa mama yake akafa, akalelewa kituo cha watoto yatima. Kuna wanaosema: kumbe hakuweza kupenda, alizaliwa hivyo, basi tumwondolee lawama. Rowling mwenyewe amewahi kueleza kwamba mambo yangekuwa tofauti kama mama angeishi akamlea. Yaani mwandishi hakukubali kwamba damu ilishaamua. Na katika kitabu cha mwisho, cha 2007, wanapokutana mara ya mwisho, Harry anamwambia ajaribu kujuta. Adui aliyeuliwa wazazi anamwonyesha njia, mbele ya watu wote. Voldemort anashangaa kuliko alivyoshangazwa na chochote, kisha anairusha laana yake ile ile ya kuua. Nafasi alipewa, akaikataa kwa macho yake. Namhesabu kuwa hana kurudi.

Lakini kitabu kilichonifundisha zaidi kuhusu jambo hili ni chetu: Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha 1952. Wanaokichukulia kama kitabu cha watoto wanakidhulumu. Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, na majina hayo yanatangaza hukumu kabla hata kosa halijatendeka. Anawatunza wakipoteza mali yao, anawachukua safarini, anawapa fungu. Wanamlipa kwa kumtupa baharini, kwa wivu wa mali na wa Mwelekevu, mchumba wake. Huria, binti wa mfalme wa majini, ambaye Adili alikuwa amemwokoa zamani, anamnusuru, na anawageuza wale ndugu manyani. Kisha anamwamuru Adili awachape kila usiku. Adili anatii, na kazi hiyo inamtesa yeye pengine kuliko wanaochapwa.

Kisa hiki kina nduguye mkubwa katika Alfu Lela u Lela: hadithi ya Abdullah bin Fadhil, liwali wa Basra, na nduguze Mansur na Nasir. Huko wanageuzwa mbwa, wanapigwa kila usiku, na Khalifa Harun al-Rashid anawaombea mpaka wanarudi kuwa watu. Hadi hapo hadithi mbili zinakwenda sambamba. Ila wale wa Basra, wakiwa wamesamehewa, wamevikwa, wamekaa tena mezani kwa ndugu yao, wivu unawarudia, na wanamvamia tena ili wamuue. Abdullah ananusurika, na wao wanauawa. Kwa Shaaban Robert, Mfalme Rai anawaombea Hasidi na Mwivu, wanarudishiwa umbo la binadamu, na wanatubu. Hadithi inaishia kwenye furaha.

Kosa lile lile, adhabu ile ile, msamaha ule ule, na hukumu mbili zinazopingana. Kama ubaya usiokomboleka ungekuwa ndani ya tendo, jozi hizi mbili zingestahili jina moja, kwa maana kumtupa ndugu baharini ni kumtupa ndugu baharini. Lakini hakuna anayeweza kusoma hadithi zote mbili akawaona sawa. Mansur na Nasir walikuwa waovu wa kawaida siku ya bahari. Uovu wao uliiva siku waliyokaribishwa tena nyumbani. Na angalieni: fimbo za miaka yote hazikutuambia lolote juu yao. Mnyama aliyefungwa mnyororo hana anachochagua. Mpaka waliporudishiwa mikono ya watu ndipo tulipojua mikono hiyo ingefanya nini.

Yapo malalamiko dhidi ya mwisho wa Shaaban Robert, na nayaheshimu. Wasomaji wengine wanauona mtamu kupita kiasi, toba imekuja kwa wepesi, mwandishi wa maadili ametaka kila mtu atoke ameongoka. Kweli toba hiyo ingeweza kuonyeshwa kwa undani zaidi; ningependa kumsikia Mwivu akisema kwa kinywa chake usiku ule wa bahari aliwaza nini. Lakini nadhani wanaolalamika hawaoni ujasiri uliomo. Mtu aliyemwita mhusika wake Hasidi alikuwa amekwisha kumfunga. Rahisi ilikuwa kumwacha afie ndani ya jina lake, kama kisa cha kale kilivyomtangulia kufanya. Yeye akakataa kuamini kwamba jina linammaliza mtu. Katika fasihi yetu yenye wahusika wengi wanaobeba sifa zao katika majina, kama Majivuno na Majisifu, uamuzi huo una uzito.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na yakichanganywa mjadala wote unaharibika. Kusema mhusika anakomboleka si kusema amesamehewa, wala si kusema waliodhurika wana deni la kumsamehe. Edmund katika King Lear, tamthilia nyingine ya Shakespeare, amemsaliti baba yake hadi akatobolewa macho, na ametoa amri Cordelia, binti wa Mfalme Lear, anyongwe gerezani. Akiwa anakata roho, baada ya kusikia jinsi baba yake alivyokufa, anataka kutenda jema moja kinyume cha tabia yake, na anatuma mtu kwenda kuizuia amri. Wanachelewa. Lear anaingia amembeba binti yake akiwa maiti. Toba ya Edmund haikumwokoa mtu yeyote, na mtu akiniambia hawezi kumsamehe, nitamwambia ana haki. Ila simwiti asiyekomboleka, kwa sababu pumzi zake za mwisho zilikwenda upande ambao Iago, aliyekuwa hai na mwenye muda, hakutaka kuutazama.

Wanafunzi wetu wa sekondari wanafundishwa kutaja sifa za mhusika: katili, mwenye tamaa, mnafiki, na kila sifa na mfano wake kutoka kitabuni. Ni zoezi la lazima kwa mtihani, lakini linamgandisha mhusika. Waliosoma Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora kwa ajili ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, wanaikumbuka orodha ya Mtemi Nasaba Bora: mnyang'anyi wa ardhi kwa hati bandia, mzinzi, aliyemtelekeza mtoto wake mchanga kwenye kibanda cha mchungaji wake, Amani. Na orodha ya nduguye, Mwalimu Majisifu: mlevi, mwizi wa mswada wa Amani, anayewaonea aibu watoto wake wenye ulemavu. Kwa orodha peke yake, wote wawili ni wa kutupwa. Lakini Majisifu anafika mahali anakiri kwamba kitabu kilichompa sifa si chake. Kwa mtu aliyejenga maisha yake yote juu ya sifa, kukiri huko ni kujibomoa mwenyewe, na hakumwachii chochote cha kujivunia. Majisifu simhesabu kabisa kati ya wasio na kurudi.

Mtemi ananipa shida. Yeye anajinyonga, na nimewasikia watu wakisema kamba ile ndiyo toba yake. Sikubaliani nao. Mtu anaweza kujiua kwa kujuta, na anaweza kujiua kwa kushindwa kuvumilia kuonwa na watu, na hayo mawili yako mbali sana. Aliyejuta humgeukia aliyemdhuru, hata kama ni kwa neno moja. Anayekimbia fedheha anawageuzia mgongo wote, na aliowanyang'anya ardhi wanabaki na machungu yao bila hata kusikia akiyataja. Nasaba Bora naona alikimbia. Hata hivyo simweki pamoja na Iago wala na Mansur na Nasir, kwa kuwa hao watatu walisimamishwa mbele ya waliowadhuru, wakaombwa au wakapewa, nao wakakataa. Mtemi aliondoka kabla hatujaona angejibu nini, na mtu asiyejibu bado hajakataa.