Jamvi la Ulee Lheue

Tarehe 26 Desemba 2024, miaka 20 baada ya tsunami ya 2004, nilikuwa Banda Aceh nchini Indonesia, na tangu alfajiri nilikuwa nikijiuliza kama mtu asiyempoteza yeyote ana haki ya kuketi na wafiwa. King'ora kilipolia kwa dakika 3 katika Msikiti Mkuu wa Baiturrahman, kukumbusha tetemeko lililopiga saa mbili kasoro dakika mbili asubuhi ya siku ile, niliinamisha kichwa bila kujua niombe nini.

Jibu nililipata Ulee Lheue, kwenye kaburi la halaiki walimozikwa watu zaidi ya 14,000. Familia huchagua tu mahali kwenye majani, hutandika jamvi na kusoma Yasini, wakitumaini kwamba mtu wao yumo humo, ingawa huenda yuko katika kaburi jingine la halaiki, Siron, walikolazwa zaidi ya 46,000, au bahari haikumrudisha kabisa. Mama mmoja alisogea akanipisha kwenye jamvi lake bila kuniuliza ninatoka wapi. Nikaitikia amina pamoja naye, na kwa maoni yangu mgeni hana mchango mkubwa kuliko huo.

Ndiyo maana huniuma kuona wageni wamesimama mbele ya wafiwa, wakiwapiga picha machozi yakiwatoka. Meli ya kuzalisha umeme ya PLTD Apung, yenye tani 2,600, ambayo maji yaliisukuma kilomita kadhaa hadi katikati ya makazi, ipo siku zote kwa anayetaka picha. Tarehe 26 Desemba hata wavuvi wa Aceh hawaendi baharini, kwa kuwa mila yao inakataza. Ikiwa mvuvi anaacha riziki ya siku nzima, mgeni hashindwi kuacha simu mfukoni.

Hata hivyo, heshima haimzuii mgeni kuuliza, mradi dua imekwisha, kwa kuwa simulizi huokoa maisha. Katika kisiwa cha Simeulue, kilicho karibu na kitovu cha tetemeko, wazee walikuwa wamesimulia tangu tsunami ya 1907 kwamba ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, watu wakimbilie mlimani. Mwaka 2004, kati ya wakazi wapatao 78,000, walikufa 7 tu.

Yule mama alipofunga msahafu, nilimuuliza kuhusu asubuhi ile, na mjukuu wake, kijana aliyezaliwa baada ya maafa, akawa mkalimani wetu. Mara mbili aliacha kutafsiri, akamgeukia bibi yake kumuuliza maswali yake mwenyewe.