Kriminolojia si mlango wa nyuma wa kusomea sheria

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, yakitoka tu simu yangu inaanza kulia, binamu, mtoto wa jirani, watu wa kanisa, wote swali moja, nimekosa pointi za sheria, nichukue kriminolojia, somo la uhalifu na wanaoufanya? Mimi niliisoma miaka minne kwa hivyo si adui yake, ni hapo pa "nimekosa sheria" ndo pananitia wasiwasi.

Manake kiongozi wa mashtaka siku hizi lazima awe wakili, yaani LLB (digrii ya sheria) kwanza halafu Kenya School of Law, na digrii yetu haikufikishi hapo hata ukipata first class. Upelelezi je? Wengi wa DCI, idara ya upelelezi, wametoka ndani ya polisi, na ukonstebo unaingia na D+ yako ya KCSE, mbio na meno mazima (meno wanaangalia kweli, si utani), kwa hivyo utapanga laini kiwanjani na kijana wa miaka 18 asiye na deni la HELB, mkopo wa serikali wa chuo, mkichukuliwa mnaenda chuo cha polisi Kiganjo pamoja. Kuna nafasi za kadeti (wanaofunzwa uafisa) za wenye digrii, sawa, lakini mtu wa biashara ama kemia pia anaziomba.

Sasa upande ambao watu hawauongelei ni probesheni, idara ya kifungo cha nje. Kabla hakimu aamue kama ni jela ama kifungo cha nje anaweza kuitisha ripoti, na afisa wa probesheni anaenda mpaka kijijini, anaongea na chifu, na mama ya mshtakiwa, hata na aliyeibiwa. Na 2017 kwenye kesi ya Muruatetu Mahakama ya Juu ilisema kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila muuaji ni kinyume cha katiba, basi swali la huyu mtu ni nani na alifikaje hapa likapata uzito kortini. Hilo swali ndo kriminolojia yenyewe. Wakili anajua kifungu, polisi anajua kukamata, wewe umekaa miaka minne ukiuliza mbona huyu kijana anarudi ndani mara ya tatu.

Ubaya ni nafasi chache, na huko pia utakutana na watu wa sosholojia.

Binamu nimemwambia ajiulize kama anaweza kuketi kwa mama ya mwizi, anywe chai yake, amsikize mpaka mwisho na bado aandike ukweli kwa ripoti. Amesema atafikiria, halafu akauliza kama probesheni wanapewa bunduki.