Picha ya Mji Mkongwe isiyo na mlango

Msanii akirudi kutoka Unguja na picha isiyo na mlango wa kuchongwa wala jahazi, huulizwa: "Sasa Unguja iko wapi hapo?" Swali hilo huziandama hasa picha dhahania za mseto, zinazochanganya rangi, chokaa, kitambaa na karatasi juu ya ubao mmoja. Wanaouliza wana hoja mbili za kweli. Ukiondoa jina la picha, ukuta uliochunika waweza kuwa wa Lamu. Ya pili ni nzito zaidi: ukuta kuchunika si pambo. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la sultani mjini humo, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, watu wawili walikufa. Mgeni wa wiki moja anayesifia nyufa alikumbuke hilo.

Lakini mlango umeshachorwa mno hata jicho halitui tena juu yake. Mseto humlazimisha msanii ajue mji umejengwaje. Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hupumua. Ukiifunika kwa saruji, unyevu hunaswa ndani na plasta hubanduka vipande vipande. Kosa hilohilo hutokea studioni: chokaa inapakwa leo, kesho inazibwa kwa akriliki nzito, halafu rangi inatoa malengelenge.

Afadhali ubao wa plaiwudi wa milimita 12 kuliko turubai, kwa sababu turubai hucheza na chokaa hupasuka. Gunia hubandikwa kwanza ili chokaa ipate pa kushika. Kipimo ni chokaa moja kwa mchanga mbili na nusu, tabaka la milimita 2 au 3, linyunyiziwe maji kidogo kwa siku kadhaa, maana chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa, haitoshi kukauka tu. Mchanga wa pwani uoshwe kwa maji ya bomba mara tatu au zaidi. Chumvi ikibaki, itachomoza juu kama unga mweupe. Bluu ya Prussia huharibika kwenye chokaa mbichi, ila rangi za udongo hustahimili.

Halafu kuna kanga, ambayo sehemu yake ya katikati huitwa mji. Msanii wa haraka hukata jina la kanga akalibandika lisomeke, na picha ikawa kama tangazo. Aliye makini huuchukua mji wenyewe. Kanga mpya huifua kwanza itoke wanga, la sivyo gundi haipenyi. Hubandika kipande cha sentimita 10, hukifunika kwa chokaa, kisha hukwangua kabla haijawa ngumu mpaka wekundu uchungulie. Aliyekulia na kisutu, kanga ya jadi yenye wekundu huo, ataujua kwa doa moja. Ni kweli kisutu huvaliwa Lamu pia, kwa hiyo hoja ya kwanza haifutiki.

Ya pili inajibika ubaoni. Aliyengoja tabaka tatu zikomae anajua ukuta huugua kutoka wapi. Katika kazi yake kovu huanzia juu, paa linapovuja, au chini, unyevu unapopanda na chumvi yake, na lina mwelekeo. Mwigaji hutawanya nyufa popote palipobaki wazi.